Benchi la Upande wa Pili

Sonia alimkuta Appolinaire akinywa chai. Njia nzima kutoka Nakivale hadi Mbarara alikuwa amemwandalia maneno makali, na si kidogo. Lakini alipofika stendi ya mabasi na kumwona ameketi kwenye kibanda cha mama chai, mkoba wake mdogo katikati ya miguu na kikombe kimemganda mkononi, maneno yote yalimtoka. Alibaki na jina tu.

"Appo."

Kijana akanyanyua macho. Kama alikuwa anatoroka, basi hakuna mtoro mbaya kuliko yeye, maana uso wake wote ulisema alikuwa anamngoja. Basi la kwanza la Masaka lilikuwa limeondoka akiliangalia, na chai aliyoagiza ilikuwa imeshaota utando.

"Nani amekuambia niko huku?"

"Kitanda yako. Mama amenituma nikuletee chakula ya asubuhi kwa Bienfait, fasi unalala, nakuta umetandika sawa kitanda ya mugonjwa amekufa. Shuka imenyooka. Unatandika kitanda hivi, unaenda bila kuniaga?"

"Ningekuaga, nisingeenda."

Sonia akakaa kwenye benchi, si karibu naye sana, si mbali naye sana. Ni kipimo ambacho wasichana wa mtaa wao pale Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, hufundishwa na mama zao mapema, na Sonia alikijua vizuri. Bado alikuwa na hasira, lakini alikuwa ameshaona kola ya shati la kijana imepinda, na mkono wake ulitamani kuinyoosha. Aliukalia mkono huo.

Huyu Appolinaire hakuwa mkimbizi. Angekuwa mkimbizi angejua pa kujiandikisha, pa kupanga mstari na pa kulia. Yeye alikuja likizo. Alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Uvira, kule Kongo, na Sonia alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao Nakivale. Kwaya ya huku ilituma wimbo kwa simu kwa kwaya ya kule, na muuguzi mmoja mpiga gitaa akajibu kwamba wimbo ni mzuri, ila sauti ya pili inakimbia mno. Sonia akamjibu kwa ukali. Akajibiwa kwa upole. Akajibu tena, na tena, mpaka ukali ukaisha na majibu hayakuisha. Hatimaye kijana akapewa likizo, congé kama wanavyosema kwao, akafunga mashati machache ya kupendeza na kitenge cha mama wa binti, akaja kuona kwa macho kile alichokuwa amekisikia kwa masikio. Mama yake na baba zake wadogo wangefuata mwisho wa likizo, waketi na wazazi wa Sonia, wapose kwa heshima.

Hawakufuata. Vita viliingia Uvira yeye akiwa Nakivale anakula samaki wa ziwa la huku na kuwasifu kwa adabu, maana mtu wa ziwa Tanganyika hasifu samaki wa kwingine kwa moyo. Mji ukamwagika. Wengine walivuka kwenda Burundi, wengine walishika njia ya Baraka kwa miguu, wengine mpaka leo hakuna anayejua walielekea wapi. Nchi nzima ilikuwa inalia, na yeye alikuwa amekaa na mkoba wa likizo. Kutoka kwa mama yake alibaki na sauti moja kwenye simu, iliyotumwa kabla ya simu ya mama haijazimika.

"Unaenda wapi?" Sonia akauliza.

"Masaka. Halafu Mutukula, niingie Tanzania. Halafu Kigoma, nivuke ziwa. Banasema bamemuona baba mudogo Ezira ku Baraka. Nitamutafuta. Nikimupata, nitarudi naye."

"Kufanya nini?"

"Unajua kufanya nini. Baba yako anataka mukubwa wa jamaa wa kunikalia siku ya kuposa."

"Unaenda mu vita," akasema Sonia polepole, "kutafuta mutu wa kukaa ku benchi?"

Hakupaza sauti, na ndiyo maana iliuma. Appolinaire aliweka kikombe chini.

"Sonia, mimi ni nani hapa? Niambie. Sina baba, sina mujomba, sina hata jirani wa kwetu. Nikisimama mbele ya baba yako peke yangu nikasema nakutaka, ataniona sawa mutu anaomba maji. Yeye hana kosa. Mutu hajiposei."

"Na ukifa njiani?"

Aliangalia mikono yake, ile mikono iliyozoea kufunga vidonda vya watu, na Sonia akaona kwamba swali hilo alikuwa ameshajiuliza na lilikuwa limemshinda. Hapo hasira yote ikamwisha. Kilichobaki kilikuwa woga mtupu, na mapenzi.

"Nyinyi watoto, mimi nasikia," ikasema sauti juu ya vichwa vyao.

Mama chai alikuwa amesimama na birika mkononi, mwanamke wa makamo, mpana, mwenye sweta la kijeshi lililokatwa mikono. "Bwana yangu ni mujeshi, sisi nakaa hapa barakisi, Kiswahili ndiyo tunaongea. Kijana, kule watu natoka. Wewe ndiyo nakwenda?"

"Mama, niko na sababu."

"Sababu nimesikia. Sasa sikia yangu." Alimwaga chai iliyopoa, akamjazia nyingine bila kuulizwa. "Mimi naitwa Enid, kwetu ni Rugaaga. Bwana yangu kwao mbali, kule Arua. Wakati nataka kunioa, watu yake hawakuweza kufika. Baba yangu nasema, huyu mujeshi hana kwao, mimi sipei mutu mutoto. Basi afande yake akavaa uniform, akapiga pasi mpaka inakata, akakuja kwetu, akakaa. Akasema, huyu ni kijana yangu, akikosea mutaniita mimi. Kwisha. Mpaka leo tukigombana, napigia afande simu. Amestaafu, meno yameisha, lakini nakuja na fimbo yake."

Sonia akacheka. Hakuwa amecheka tangu habari za Uvira zilipofika, na kicheko chenyewe kilitoka na machozi kidogo, akajifuta kwa kiganja. Appolinaire alimwangalia akicheka. Nyuma yake utingo alikuwa anaita abiria wa Masaka, na kijana hakugeuka.

"Nipe kesho," akasema Sonia. "Kesho ibada ikiisha nitaomba baba aketi. Bienfait atakukalia, amekulaza kwake siku zote hizi, hatakataa. Nipe kesho tu."

"Na wazee bakikataa?"

Sonia aliutazama ule mkoba.

"Bakikataa, Jumatatu naenda," akasema Appolinaire. "Na hautanifuata ku stendi. Uniapie."

Sonia hakuapa. Aliutoa mkono wake alioukalia, akaiweka sawa kola ya shati.

* * *

Jumapili wakaazima mabenchi ya kanisa, wakayapanga uani kwa Musoni, baba yake Sonia, yakitazamana. Upande wa binti ulijaa mpaka watu wakakaa nusu nusu. Wanawake walikuwa mkekani, na katikati yao mama yake Sonia, Pascaline, amejifunga kile kitenge alicholetewa kutoka Uvira. Upande wa pili walikuwa watu wawili, Bienfait na Appolinaire. Chini ya benchi, kati ya miguu ya kijana, ulikuwepo ule mkoba. Alikuja nao umefungwa.

Sonia aliuona kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlango, maana binti hakai uani wazee wakimzungumzia. Akajua kwamba wakikataa, Appolinaire hatangoja hata Jumatatu.

Alimwona pia mama yake, akashangaa jinsi alivyoinamisha uso. Pascaline na Appolinaire hawakuwa wamewahi kuzungumza. Kwa desturi yao kijana hali mbele ya mama wa binti anayemtaka, hampi mkono, wala hamtazami usoni. Ndiyo maana alilazwa kwa Bienfait, ng'ambo ya ua wa mabanzi. Kila siku sahani ilitoka jikoni kwa Pascaline imefunikwa, Sonia akaipeleka. Kila siku ilirudi tupu, imeoshwa mpaka inang'aa. Mama aliigeuza, akaitazama, akaiweka kabatini. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Aliyesema kwa upande wa binti alikuwa Mihigo, kaka mkubwa wa Musoni, mtu wa koti na kofia hata jua likiwaka.

"Tunaona bageni," akasema. "Baseme kilichobaleta."

Bienfait akasimama, akakohoa. "Mimi namukalia huyu kijana. Amelala kwangu, nimeona tabia yake..."

"Bienfait," Mihigo akamkata, bila ubaya. "Wewe ni mwalimu wa kwaya. Huyu Sonia umemufundisha kuimba toka akiwa mutoto. Siku tulipozika mama yetu ulibeba jeneza pamoja na sisi. Wewe ni wetu. Mutu hakai pande zote mbili. Kuja huku."

Bienfait alitazama huku na huku, kisha akavuka uani kichwa chini, akakaa na upande wa binti. Hata yeye alijua ni kweli. Kwenye benchi la pili akabaki Appolinaire peke yake, na benchi lile lilikuwa refu.

Musoni akaomba neno. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mkulima wa mahindi na maharage, mwenye sauti ya chini, na kwa jinsi alivyokuwa anasugua magoti ungedhani yeye ndiye anayeposa.

"Mutoto wangu, mimi nakupenda," akamwambia Appolinaire. "Ningekuwa sikupendi, ingekuwa rahisi. Lakini sikia. Binti hapewi mutu mmoja, anapewa jamaa. Siku mutagombana, nitaita nani? Siku mutazaa, nani atakuja kumupa mutoto jina ya kwenu? Sikatai. Nasema tungoje bantu bako bapatikane."

"Na kama hawatapatikana, baba?"

Musoni alisugua magoti tena. Hata wanawake waliacha kunong'ona.

"Nimeelewa," akasema Appolinaire. "Nitaenda kubatafuta. Aksanti kwa chakula yote mulinipa." Akainama kuchukua mkoba.

Nyuma ya pazia Sonia aliuma kitambaa chake cha kichwa ili asilie kwa sauti. Alikuwa ameshaamua kutoka nje, desturi na iwe desturi, aushike mkoba ule kwa mikono miwili mbele ya wazee wote. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti pale alipomwona mama yake amesimama.

Kila mtu alidhani Pascaline anaenda jikoni kuangalia sufuria. Alinyanyua kitenge, akapita katikati ya uani mahali ambapo mwanamke hapiti, akafika upande wa pili, akakaa kwenye benchi.

Appolinaire aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Kukaa benchi moja na mama mkwe, hilo hakuwahi kulisikia. Mkoba ulimdondoka.

"Kaa," akasema Pascaline.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mdomo kwa sikio. Kijana akakaa.

"Pascaline," akasema Musoni, "unafanya nini?"

"Nimekuja kuposa."

Mihigo alivua kofia. "Mama Sonia, tumemukatalia Bienfait sasa hivi. Wewe ni mama ya binti. Utakaaje kule?"

"Nilikuwa mama ya binti. Leo hapana. Mbuzi ya mama ku mahari musinihesabie, kitenge ya mama musiniwekee. Nimeviacha pale ku mukeka." Aliongea bila haraka, mikono imetulia juu ya mapaja. "Bienfait amekuja kukaa siku moja. Mimi kazi ya mama yake nimeifanya toka vita imeanza."

"Kupikia mugeni si kuwa mama," akasema Mihigo.

"Ngoja nimalize, shemeji." Alimwelekezea Appolinaire kidevu. "Huyu kijana iko na sauti ya mama yake mu telefone. Kila jioni anaifungua. Anafikiri hatusikii, lakini mimi niko ku moto, ua ni mabanzi tu. Mama anasema, sisi tunatoka, usirudi, bakia fasi uko. Halafu anauliza, banakupa chakula? Nani anakupikia?" Alimgeukia mume wake. "Kila jioni. Nani anakupikia. Musoni, yule mama hakuulizi wewe. Hamuulizi Mihigo. Ananiuliza mimi, na mimi nageuza sombe mu chungu, nanyamaza, juu desturi inasema ninyamaze. Mwanamuke iko njiani na mizigo ku kichwa, hajui mutoto wake amekula, na mimi niko na jibu mu mukono."

Mwanamke mmoja mkekani alianza kulia, mwenzake akamshika bega. Karibu kila aliyekuwa pale alikuwa amewahi kuwa yule mama wa njiani, au mtoto wake.

"Fasi hii ni yake," Pascaline akaendelea, akigusa ubao wa benchi. "Mimi namushikia tu. Siku atafika, nitasimama mbele yenu, nitarudia mukeka yangu. Na kama hatafika..."

Alimwangalia Appolinaire usoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Kama hatafika, sitasimama."

Appolinaire aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyemwambia mwanamume halii. Sonia alikuwa amekaa chini kizingitini, nusu ndani nusu nje, na pazia limemwangukia begani, na hakuna aliyemwambia binti arudi ndani.

Musoni alimtazama mkewe. Miaka yote ya ndoa yao alimjua akiwa upande wake, na sasa alimwona kutoka mbele, ng'ambo ya ua, akiwa mgeni. Pengine kwa kumwona hivyo alikumbuka jambo, maana macho yake yalilainika.

"Bakigombana, nitaita nani?" akauliza, lakini aliuliza tofauti na mara ya kwanza.

"Utaniita mimi. Niko mbali?"

Kicheko kikapita uani.

"Na akimutesa mutoto wangu?"

"Nitamupiga. Unanijua."

"Nakujua," akasema Musoni, na upande wote wa binti ukaangua kicheko, Mihigo akiwa wa mwisho, kofia imefunika mdomo.

Musoni akasimama. Alinyoosha shati lake, akakohoa, na akamwambia mkewe kama mtu anavyowaambia watu waliotoka mbali na hajawahi kuwaona:

"Bakwe, karibuni kwetu. Safari ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa ndefu," akajibu Pascaline. "Lakini tumefika."

Yaliyofuata wanawake wa mtaa ule wanayasimulia mpaka leo. Pascaline hakukaa pale kama pambo. Alimbana mume wake kwenye ng'ombe, akambana kwenye mbuzi, akamkumbusha kwamba binti mwenyewe hajui kusonga fufu bila madonge na kwamba jambo hilo wageni wamelisikia kwa mtu wa karibu. Nyuma ya pazia Sonia alijifunika uso kwa aibu. Mihigo aliomba maji. Mwisho walipatana kwamba mahari itangoja mpaka amani, ila neno limepokelewa, na kijana asiondoke.

Watu walipoanza kusimama, macho ya Sonia na ya Appolinaire yalikutana juu ya vichwa vya wazee. Ya kijana yalikuwa mekundu. Yeye alinyanyua mkono polepole, akaivuta kola ya shati lake ikapinda, akaiacha hivyo. Sonia alicheka na kulia kwa pamoja, na kama si wazee angeshakwenda kuinyoosha.

Pascaline alikuwa ameuvuta mkoba kutoka chini ya benchi. Aliufungua bila kuomba ruhusa, akatoa mashati, akayanusa moja moja, akayaweka begani.

"Hizi nitafua kesho," akasema. "Sonia, leta ile sahani."

Sonia akaileta kutoka jikoni, imefunikwa kama kawaida, akageuka kuelekea kwa Bienfait kwa mazoea ya miguu.

"Hapana. Leta hapa."

Pascaline aliipokea, akaiweka kwenye benchi mahali pale alipopaacha wazi kati yake na kijana. Akaifunua mwenyewe. Ilikuwa fufu na sombe ya majani ya muhogo, na samaki mmoja wa ziwa la huku, mvuke ukiwa bado unapanda. Appolinaire aliangalia sahani, akamwangalia Pascaline, akarudisha macho chini haraka.

"Mama, mbele yako?"

"Mbele yangu. Siku mama yako ataniuliza, sitamuambia sahani ilikuwa inarudi tupu. Nitamuambia nimekuona ukila, na macho yangu."

Sonia alimmiminia maji. Appolinaire akanawa mikono, akakata tonge, akala.